Mwandikie aliyekushikia futi: mwongozo kwa mwanajiolojia kijana anayetaka kueleweka

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mzee mmoja alinishikia ncha ya futi kutwa nzima kwenye korongo moja huko Kanda ya Ziwa. Tulikuwa tunapima unene wa mikanda ya mawe, mimi naandika kwenye daftari, yeye anasogea na kusimama anapoambiwa. Jua lilipoanza kuzama akakaa juu ya jiwe, akavua kofia, akaniuliza: "Sasa mwanangu, tumepima tangu asubuhi. Tumepata nini?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na shahada ya miaka minne na nyundo mpya kiunoni, na sikuweza kumjibu. Kila neno lililonijia lilikuwa la Kiingereza, na Kiswahili nilichoambulia kilikuwa "haya ni mawe ya zamani sana, mzee". Akaitikia kwa adabu, kama mtu anayeambiwa mgonjwa wake anaendelea vizuri. Posho yake ya siku nilimlipa. Jibu lake nilibaki nalo kama deni.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemaliza jiolojia au jiofizikia juzijuzi. Huenda uko kambini, huenda ni mhadhiri msaidizi, huenda bado unazungusha bahasha za maombi ya kazi. Unataka kuandika kuhusu ardhi iliyo chini ya miguu yetu, na mtu asiye wa fani asome mpaka mwisho. Nimeupanga kwa hatua, ila hatua hazina uzito sawa. Ya tatu na ya sita ndizo zitakazokula muda wako.

Hatua ya kwanza: mpe msomaji wako sura

Ukiandikia "jamii" utaandika kama ripoti ya warsha. Mchague mtu mmoja unayemjua: dereva wa kambi, dada anayewapikia, mjomba aliyekulipia ada na mpaka leo hajui ulisomea nini. Mimi namwandikia mzee wa futi. Kila nikimaliza aya namsikia akisema, "Ndiyo kusema?" Kama sina la kumjibu, aya hiyo naifuta.

Jambo moja la kuzingatia hapa. Mtu huyo si mjinga wa ardhi. Mzee yule alijua korongo lipi hubaki na mchanga mweusi baada ya mvua na lipi halibaki. Alijua kisima gani povu la sabuni linagoma. Wachimbaji wadogo hushuka kwenye duara na tochi kichwani wakaufuata mkanda wenye dhahabu unavyopinda gizani, na ramani hawana. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo kana kwamba unamfundisha mtoto wa chekechea, atakuacha aya ya pili, na atakuwa amekutendea haki.

Hatua ya pili: anza na swali uliloulizwa

Kurasa za nyuma za daftari lako la kazi zitenge kwa ajili ya maswali ya watu. Yaandike kama yalivyosemwa, usiyasafishe. Ya kwangu machache: "Hapa chini kuna dhahabu au mnatupotezea muda?" "Mawe huwa yanakua?" "Ule mlima utalipuka lini?" "Mbona watoto wa huku meno yao ni ya kahawia?"

Swali la meno ni zuri kuliko mada yoyote utakayoibuni ukiwa mezani. Maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, watu wamekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi. Asili yake ni miamba ya volkano: maji yanapita humo taratibu, yanayeyusha madini, yanaibukia chemchemini au kisimani yakiwa safi kwa macho. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake yanajengeka, meno huota yakiwa na madoa, na kikizidi zaidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika.

Hapo ndipo unapomwambia msomaji kitu ambacho huenda hakujua: kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale sufuriani, kwa hiyo kila tone linalobaki linakuwa na nyingi zaidi. Kinachosaidia ni kuchanganya na maji ya mvua, kutafuta chanzo kingine, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Umeona tulikofika? Tumeanzia kwenye meno ya mtoto, tukapita kwenye kemia ya miamba, tukaishia jikoni. Makala ya namna hii mama mmoja atamtumia mwenzake bila kuombwa.

Hatua ya tatu: okota maneno kabla ya kuyatunga

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tunachukua neno la Kiingereza, tunalivisha kanzu, tunadhani tumeandika Kiswahili. Kabla ya kutunga neno, uliza kwanza wanaoishi na kitu chenyewe wanakiitaje.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Goma, mashariki mwa Kongo. Chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kuna mabonde madogo ambamo gesi ya kabonidayoksaidi hupenya kutoka ardhini na kutuama, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu. Mbuzi huingia asubuhi kula majani akabaki humohumo. Watu wa huko huyaita mazuku. Leo wataalamu wa volkano duniani wanaandika neno hilohilo, mazuku, kwenye majarida yao ya kisayansi. Dunia imekopa kwetu. Kwa hiyo usione haya kuuliza kijijini.

Kwenye machimbo yetu kuna hazina nyingine. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo. Magwangala ni mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa ambayo wananchi huyapekua kutafuta dhahabu iliyosalia. Makinikia lilikuwa neno la wachache mpaka Tanzania ilipozuia usafirishaji wake nje mwaka 2017. Baada ya hapo hata kinyozi alikuwa analitumia. Ukiandika "mchanga uliokolezwa madini" wakati msomaji anajua makinikia, wewe ndiye mgeni.

Kuna maneno ya kuyaangalia kwa jicho la pili. Niliwahi kuandika kwamba volkano fulani "imelala". Mama mmoja akanipigia simu jioni, baada ya salamu akaniuliza ataijuaje inapoanza kuamka, kwa sababu shamba lake liko ubavuni mwake. Kwangu lilikuwa neno la darasani tu. Kwake, kilicholala kitaamka, na ni bora ajue saa. Siku hizi naandika mambo yenyewe: mara ya mwisho ilitoa lava lini, kama bado inatoa gesi au maji moto, na kama kuna anayeipima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado kina matundu yanayotoa gesi ya salfa. Kusema hivyo kunamsaidia msomaji kuliko kubishana kama mlima umelala, umesinzia au umekufa.

Pia mlinganisho utoe nyumbani kwake. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa siku hizi lava ya kabonati ya sodiamu. Ukisema hivyo, umemaliza kumfukuza msomaji. Jaribu hivi: lava ya Lengai ni ndugu wa magadi anayotia kwenye mlenda. Inatoka ikiwa nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari, ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, kiasi kwamba mchana huoni wekundu wowote. Ikiguswa na unyevu wa hewa inabadilika rangi. Lililokuwa jeusi kama lami linakuwa jeupe kama chokaa ndani ya muda mfupi. Watu wengi wanaoitazama kwa mbali hudhani ni theluji. Na moja ya madini yake linaitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Nimewahi kuieleza hii kwenye daladala kutoka Mto wa Mbu, na abiria watatu waliacha simu zao wakasikiliza. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kwenye semina yoyote.

Hatua ya nne: chukua aya moja uipigie pasi

Usijaribu kulainisha makala nzima kwa mara moja. Chukua aya ngumu kuliko zote, ishughulikie hiyo. Nitakuonyesha ya kwangu, kuhusu maafa ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 chini ya Mlima Hanang. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Tukio la Hanang lilikuwa ni mtiririko wa vifusi uliosababishwa na ujazo wa maji katika miamba ya kivolkano iliyochakaa, hali iliyopelekea kupungua kwa ukinzani wa mteremko."

Kila kitu humo ni sahihi, na hakuna binadamu anayezungumza hivyo. Nikaiandika tena:

"Mlima Hanang ni volkano ya zamani. Baadhi ya miamba yake imelegea kwa miaka mingi, kama ukuta wa udongo unaopigwa na mvua kila masika. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 zikaingia humo zikajaa. Jiwe lililolowa ni zito zaidi na linashikana kidogo zaidi, basi kipande cha mlima kikameguka, kikaserereka, kikachanganyika na maji ya mto na kuwafikia watu kikiwa tope lenye mawe na magogo. Hakuna moto uliotoka mlimani."

Aya ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Usiogope. Ufupi unaomlazimisha mtu asome mara tatu si ufupi. Angalia vilevile vitenzi: kumeguka, kuserereka, kuchanganyika, kuwafikia. Kiswahili kinatembea kwa vitenzi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa imejaa "ujazo wa" na "kupungua kwa", mambo yote yamekaa kwenye viti.

Sentensi ya mwisho, ile ya moto, ilikuwa muhimu kupita zote. Siku zile simu zilijaa maneno kwamba volkano imelipuka, mpaka serikali ikatoka kueleza kwamba hakukuwa na mlipuko, ni sehemu ya mlima iliyonyonya maji ikameguka. Mtu aliyepoteza nyumba anahitaji kujua kama anakimbia lava au anakimbia tope, kwa sababu hazikimbiwi kwa namna moja. Tope la namna ile linafuata bonde la mto, na usalama wako uko juu ya ukingo, mbali na njia ya maji, hata kama mto wenyewe jana ulikuwa mkavu.

Hatua ya tano: picha iwe na kipimo, isiwe na anwani

Kipimo kwanza. Picha ya jiwe bila kitu cha kulinganisha inaweza kuwa kokoto au jabali. Weka sarafu ya shilingi 200, kalamu au nyundo. Mtu akisimama pembeni ni vizuri zaidi, ila muombe ruhusa, na kama ni mtoto muombe mzazi wake.

Anwani sasa. Mwezi wa tano kazini nilipiga picha ya mkanda wa kwatzi mweupe uliokatiza shamba la muhogo. Ulikuwa mzuri, una kutu ya rangi ya machungwa pembeni, aina ya mkanda unaomfanya mwanajiolojia apige magoti. Nikaandika maelezo, nikataja kijiji, nikasema mikanda ya namna hii wakati mwingine hubeba dhahabu. "Wakati mwingine." Hilo neno hakulisoma mtu. Siku ya nne vijana walikuwa shambani na sururu na makarai. Nilipopita tena, nusu ya muhogo wa yule bwana ulikuwa umelala chali kando ya mashimo, na dhahabu haikupatikana. Alinitazama tu. Nilimwambia, "Nisamehe, baba," akasema, "Haya," akaendelea kufukia.

Tangu hapo: simu yangu haihifadhi mahali kwenye picha, kijiji sikitaji kama kuna kitu cha kuchimbika, na visukuku navyo navihesabu kuwa kitu cha kuchimbika. Mifupa na nyayo za kale zinalindwa na sheria ya mambo ya kale; ukiikuta, mahali pa kuipeleka habari ni kwa wahusika, halafu ndiyo uandike, na bado usichore ramani ya kufika.

Hatua ya sita: jiandae kwa siku ardhi itakapotikisika

Siku hiyo itakuja, na hutakuwa na muda wa kutafuta maneno. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Nyumba zilianguka Bukoba na vijiji vya jirani, watu wakafa, na usiku ule wengi walilala nje. Siku za namna hiyo ujumbe wa sauti kutoka kwa "mtaalamu" asiyejulikana hufika kwa watu kabla ya mtaalamu yeyote wa kweli kuvaa viatu. Kazi yako ni kuwa na aya zako tayari kabatini.

Andika leo, ukiwa umetulia, majibu ya maswali manne, uyahifadhi.

La kwanza: "Litarudi saa ngapi?" Jibu: hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Anayetaja saa anakudanganya, hata kama sauti yake ni nzito na ametaja Marekani. Lakini mitetemo midogo baada ya lile kubwa ni ya kawaida, na inaweza kuendelea kwa siku au wiki. Nyumba iliyopata ufa jana inaweza kuangushwa na mtetemo mdogo leo, kwa hiyo usilale ndani yake mpaka ikaguliwe.

La pili: "Mbona redio inasema 5.9 na mimi niliona kama mwisho wa dunia, na shangazi yangu Mwanza alihisi kiti kinayumba tu?" Hapa tumia ngoma. Ukubwa wa tetemeko ni nguvu ya mpigaji. Ni namba moja tu kwa tetemeko zima. Namna lilivyokufikia wewe inategemea umesimama wapi: karibu au mbali, juu ya mwamba au juu ya udongo laini. Udongo laini wa kando ya ziwa au bondeni hutikisika zaidi, kama jeli kwenye sahani. Kina cha tetemeko nacho kina lake. Lile la Kagera lilianzia takriban kilomita 40 chini ya ardhi, ndiyo maana lilisikika mbali. Na uonye kuhusu namba zenyewe: kupanda kutoka 5 hadi 6 ni kuongezeka kwa nishati takriban mara 32.

La tatu: "Ni volkano inakuja?" Mara nyingi sivyo, ila usijibu kwa mazoea. Julai 2007 matetemeko mfululizo karibu na Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, yalisikika mpaka Nairobi na watu wakashuka mbio kutoka maghorofani. Baadaye wanasayansi walionyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza ardhini kwenye nyufa bila kufika juu. Septemba ya mwaka huohuo, Lengai, jirani yake, ikaanza kulipuka kwa majivu. Kwa hiyo jibu la kweli hutegemea mahali, na kama hujui mahali, sema unasubiri vipimo.

La nne: "Afrika inapasuka?" Hili halichelewi. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, mtaro mrefu ulifunguka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, ukakata barabara ya kwenda Narok, na vyombo vya habari vya dunia nzima vikatangaza kwamba bara linagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi waliotazama walisema kilichoonekana kilikuwa hasa kazi ya maji: majivu laini ya volkano yaliyofukia ufa wa zamani yalisombwa na mvua. Bara linatanuka kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Mwambie msomaji atazame ukucha wake: unavyokua kwa mwezi mmoja ndivyo Bonde la Ufa linavyofunguka kwa takriban mwaka mzima. Barabara haikatiki hivyo usiku mmoja.

Siku yenyewe ikifika, fuata mpangilio huu. Dakika za kwanza, jihakikishie wewe na wa kwako mko salama. Hakuna makala inayozidi hilo. Kisha fungua orodha za matetemeko za taasisi zinazopima, ya Marekani, USGS, iko wazi kwa kila mtu, na usikilize Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyoko Dodoma. Namba za mwanzo hubadilika: 5.7 ya saa moja baadaye inaweza kuwa 5.9 jioni. Andika "makadirio ya awali" na uandike saa uliyoandika. Toa kwanza aya za usalama. Jiolojia ya Bonde la Ufa itasubiri kesho. Na idadi ya waliofariki usiikisie kamwe. Hiyo waachie wenye mamlaka ya kuitaja, kwa sababu nyuma ya kila namba kuna simu inayoita bila kupokelewa.

Hatua ya saba: soma mkataba wako tena

Tuliobahatika kupata kazi, wengi tuko kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mkataba huo una kifungu cha usiri, na uliusaini ukiwa na furaha ya kupata kambi yenye maji ya moto. Kisome sasa. Matokeo ya uchorongaji, picha za chipu (vipande vya mwamba vinavyotolewa na mashine ya kuchoronga) zilizopangwa kwenye trei, kina cha mashimo, hata namba ya mashine iliyoonekana nyuma ya tabasamu lako, vyote vinaweza kuwa siri ya mwajiri. Kwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, picha yako ya jiwe lenye dhahabu inaweza kuleta matatizo ya kisheria, si ya kukaripiwa tu.

Kanuni yangu ni nyepesi: kazini ninajifunza namna ya kutazama, kisha ninaandika kuhusu mawe ya umma. Miamba ya kando ya barabara kuu, majabali ya Mwanza, mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar, kimondo cha Mbozi. Haya hayana mwenye hisa. Kama uko chuoni, zungumza na msimamizi wako kabla ya kuandika kuhusu data ambayo haijachapishwa. Mwambie mapema, kwa heshima, na umuonyeshe rasimu. Wapo watakaokuambia unapoteza muda. Wasikilize, washukuru, kisha andika Jumamosi.

Tena, Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018, na zimefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja. Soma toleo linalotumika sasa kabla ya kutangaza, usitegemee alichokuambia rafiki.

Hatua ya nane: msomee mtu kwa sauti

Usimtumie, msomee. Ukisoma kwa sauti utasikia mwenyewe ulipojikwaa. Mzee wa futi nilimrudia baada ya mwaka, na kurasa nne nilizochapa kuhusu korongo lile. Nikamsomea jibu la deni lake: kwamba mawe yale yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, kwamba yalianza kama lava iliyomwagika chini ya maji, yakakunjwa, yakapata joto tena ardhini, na kwamba mikanda tuliyoipima ni mikunjo ya lava ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba kalamu. Nilikuwa nimeandika "mto" mara sita. "Hapa hapajawahi kuwa na mto," akasema. "Mto una jina. Hili ni korongo." Akafuta yote sita, moja baada ya jingine, akanirudishia.

Mtaalamu mwenzako naye asome, kwa ajili ya makosa ya aina nyingine. Ukikosea baada ya kutoa, sahihisha palepale juu, useme ulichokosea na tarehe. Usifute kimyakimya.

Hatua ya tisa: muda na nakala

Nusu saa kila jioni kambini, kabla jenereta halijazimwa, inatosha kwa makala moja kwa mwezi. Usiahidi ya kila wiki. Msimu wa kazi ukikolea utakuwa unaamka saa kumi na moja, unarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na hutaandika kitu.

La mwisho ni laptopu. Kama ni ya mwajiri, siku mkataba unapoisha utaombwa uiache mapokezi, na utakuwa umebeba begi tayari, gari linanguruma nje. Mimi niliacha makala kumi na moja ambazo hazijatoka, pamoja na picha zote za Natron, kwenye mashine moja ya rangi ya kijivu. Nilipopiga simu wiki iliyofuata, dada wa mapokezi aliniambia kwa upole kwamba imeshasafishwa na kupewa mwingine. Nunua flashi ya gigabaiti 32. Kila Ijumaa weka humo ulichoandika mwenyewe, makala na picha zako tu, faili la kampuni lisiingie hata moja, na uifunge kwenye ufunguo wa nyumbani kwenu.